Nguvu za Kiume: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kumeza Dawa

Katika kambi za askari na kota za polisi kuna maradhi yasemwayo na maradhi yasiyosemwa. Malaria husemwa, kuvunjika mguu husemwa, na hata kisonono siku hizi huelezwa kwa daktari bila aibu kubwa. Lakini mume ambaye uume wake hausimami, au ambaye hamu ya unyumba imemtoka, huona afadhali afe na siri yake. Hufanya mzaha na wenzake kantini, kisha jioni hupita kwa mchuuzi aliye karibu na lango, akanunua kidonge kisicho na karatasi au unga uliofungwa katika kipande cha gazeti, akameza gizani. Mkewe hajui, muuguzi wa zahanati hajui. Dawa zenyewe, zikichaguliwa kwa ushauri na kutumiwa kwa kipimo, haziwatishi sana madaktari. Hiyo siri ndiyo inayowatisha.

Yafaa kwanza ifahamike jinsi uume unavyosimama. Hapana mfupa ndani yake, wala haunyanyuliwi na misuli kama mkono. Mtu apatapo ashiki, ubongo hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu, nayo mishipa ya damu ndani ya uume hupata hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo huilegeza ikapanuka. Damu huingia kwa wingi, na wakati huo huo njia zake za kutokea hubanwa. Wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hewa hiyo katika mwili. Basi lolote linaloharibu mishipa ya damu, au mishipa ya fahamu, au utulivu wa nafsi, huweza kumshinda mume. Kisukari ni adui mkubwa. Pamoja nacho huja shinikizo la damu, sigara, pombe nyingi, na tumbo la ofisa aliyekwisha kuaga gwaride.

Mishipa ya uume ni myembamba, upana wake ni milimita 1 au 2 tu, ilhali ile inayoulisha moyo ina milimita 3 au 4. Mafuta yanapoanza kuganda katika mishipa ya mwili, ule mwembamba ndio huonyesha shida mapema. Ndiyo maana mtu wa miaka 45 aliyeanza kushindwa nyumbani pasipo sababu ya wazi huenda amepelekewa taarifa ya ugonjwa wa moyo miaka 2 hata 5 kabla haujamkamata. Anayekimbilia unga wa mtaani ameichana barua hiyo bila kuisoma. Wala asidhani yuko peke yake: uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Massachusetts, Marekani, na kutangazwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba wanaume 52 katika kila 100 wenye umri kati ya miaka 40 na 70 walikuwa na upungufu huu, mdogo au mkubwa.

Hata hivyo si kila upungufu hutoka katika mishipa. Kijana ambaye uume wake husimama sawasawa alfajiri, lakini humwangusha mbele ya mkewe, kwa kawaida ana mwili mzima na fikira zilizosumbuka. Mwaka 1980 madaktari fulani wa Marekani walipima jambo hili kwa stempu za posta: mgonjwa alizungushiwa ukanda wa stempu zilizoshikana kabla ya kulala, na asubuhi zikikutwa zimekatika penye vitobo ilijulikana kwamba usiku uume ulisimama. Siku hizi kuna vyombo bora zaidi, ingawa si vya bei rahisi kama stempu. Askari anayerudi kutoka vitani, kama wale wa Uganda ambao wamekuwa wakipelekwa Somalia tangu mwaka 2007, huja na ndoto za vita, usingizi uliokatikakatika, na ugeni kidogo na mke ambaye hakumwona kwa miezi mingi. Huyo anahitaji muda na mazungumzo, na huenda akahitaji daktari wa maradhi ya nafsi, kabla hajahitaji kidonge. Kuna na wale wanaodhoofishwa na dawa wanazotumia kwa maradhi mengine, hasa baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za huzuni kubwa. Hao wasiache dawa zao kwa hiari yao. Daktari anaweza kuzibadilisha.

Kidonge kilichovuma kuliko vyote ni sildenafili. Kilibuniwa na kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich, Uingereza, na mwanzoni kilijaribiwa kwa watu wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa damu ya kutosha. Moyo haukupata faida kubwa, lakini waliojaribiwa walieleza jambo jingine ambalo halikutarajiwa. Serikali ya Marekani ilikiruhusu tarehe 27 Machi 1998 kwa jina la Viagra, na haki ya kampuni hiyo kukitengeneza peke yake ilipokwisha, huko Uingereza mwaka 2013, viwanda vingi vilianza kukitoa kwa bei nafuu. Kipo pia kiitwacho tadalafili, ambacho hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hata saa 36, ilhali sildenafili hufanya kazi kwa saa 4 hivi. Mwenye kupenda kupanga saa yake humfaa sildenafili. Asiyependa kutazama saa humfaa tadalafili.

Sildenafili humezwa saa moja kabla, wala si zaidi ya mara moja kwa siku. Watu wengi huanzia miligramu 50. Mzee aliyepita miaka 65, au mtu mwenye ini au figo mbovu, huanzia 25. Na 100 ndio mpaka. Mlo mzito wa mafuta hukichelewesha, kwa hiyo anayekula sahani ya nyama ya kukaanga kisha akalaumu dawa, hana haki. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba kidonge hiki hakileti ashiki. Hufungua njia ya damu tu. Kama hakuna hamu wala mapenzi, mume ataketi kitandani akisubiri bure. Kuumwa kichwa, uso kuwaka, pua kuziba, na pengine kuona rangi ya buluu, ni mambo ya kawaida yapitayo. Lakini jicho likiingia giza ghafla, au sikio likaacha kusikia, au uume ukasimama zaidi ya saa 4 usilale, hiyo ni dharura ya hospitali usiku ule ule. Wenye ugonjwa wa selimundu wajihadhari zaidi na hili la mwisho, kwani kwao hutokea hata bila dawa, na likicheleweshwa huuharibu uume kabisa.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchanganya vidonge hivi na dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama vile gliserili trinitreti iwekwayo chini ya ulimi, au isosobaidi. Dawa zote mbili hupanua mishipa ya damu. Zikikutana, shinikizo la damu huporomoka hata mtu akazimia na kufa. Hebu ifikiriwe hali ya sajini mwenye miaka 50 aliyemeza kidonge cha mtaani saa 3 usiku, na saa 7 akashikwa na maumivu ya kifua. Hukimbizwa zahanati, na muuguzi, akifanya kazi yake vizuri, humwekea dawa ya naitreti chini ya ulimi. Sajini anaogopa kusema, mkewe hana la kusema kwa kuwa hajui. Neno moja lingetosha, kwani aliyemeza sildenafili hapewi naitreti kwa saa 24, na aliyemeza tadalafili kwa saa 48, nazo ziko njia nyingine za kumtibu. Muuguzi naye ana wajibu wa kuuliza, tena kwa sauti ya chini na pazia likiwa limefungwa, maana mgonjwa akiulizwa mbele ya wakubwa wake atakana.

Aliyepatwa na shambulio la moyo au kiharusi katika miezi 6 iliyopita asiguse dawa hizi mpaka daktari amruhusu. Kwa wengine kipimo chepesi ni hiki: anayeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa haraka bila kuumwa kifua wala kuishiwa pumzi, kwa kawaida moyo wake unaweza kuhimili tendo la ndoa. Anayetumia dawa za UKIMWI zenye ritonavira anapaswa kusema, kwa sababu dawa hiyo huzuia sildenafili kutoka mwilini na kuizidisha nguvu mara nyingi. Kwake miligramu 25 katika saa 48 ndiyo kikomo. Kinyume chake, rifampisini ya kifua kikuu huipunguza nguvu, na mtu asiyejua hudhani vidonge ni hafifu, akaongeza.

Kuhusu mizizi na unga, yafaa kusema bila dharau. Mulondo, ambao huchuuzwa katika mitaa ya Kampala, na ambao magharibi ya Kenya huitwa mukombero, ni mzizi wenye harufu nzuri uliotafunwa na mababu. Majaribio mengi kuhusu nguvu yake yamefanywa kwa panya, na panya hana mke wa kumuuliza. Kuutafuna mzizi mtu anaoufahamu ni jambo moja. Kununua unga usiojulikana umechanganywa na nini ni jambo jingine kabisa. Wakaguzi wa dawa wa Marekani wamekuta mara nyingi bidhaa zilizoandikwa kuwa ni za miti shamba tupu, kumbe ndani mna sildenafili au tadalafili ya kificho. Basi mgonjwa wa moyo aliyekimbia vidonge akitafuta usalama wa majani, huenda amemeza kile kile alichokikimbia.

Tukio la Singapore lastahili kukumbukwa. Katika miezi mitano ya kwanza ya mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walifikishwa katika hospitali za umma sukari yao ya damu ikiwa imeshuka vibaya. Ilikuja kugunduliwa kwamba dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizouzwa kwa magendo zilikuwa zimechanganywa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Watu 4 walikufa, na wengine waliachwa katika usingizi usioamka. Kati ya hao 150, ni 45 tu waliokiri kwamba walikuwa wametumia dawa za namna hiyo. Madaktari walibaki wakitafuta chanzo ambacho wagonjwa wenyewe walikuwa nacho mifukoni.

Kwa asiyeweza kumeza vidonge kuna chombo cha kuvuta hewa. Ni mrija mpana unaovikwa uume, wenye pampu ndogo. Hewa ikitolewa damu huingia, kisha kipete cha mpira huvutwa hadi penye shina ili damu isirudi. Chombo hiki hakina ugomvi na dawa za moyo, na hutumika miaka mingi, mradi kioshwe kwa maji na sabuni na kukaushwa. Pampu bora ina kizuizi kinachokataza kuvuta kupita kiasi. Kipete kisikae zaidi ya dakika 30, na mtu asilale usingizi akiwa nacho. Mwenye selimundu, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aulize kwanza. Pete za chuma, na kamba au mpira wa kufungia fedha, visitumiwe kamwe. Madaktari wa hospitali wamelazimika kuzikata pete za namna hiyo kwa vyombo vya fundi wa bomba, na hakuna mtu anayependa kumwona fundi wa bomba saa hiyo.

Hamu iliyopotea ni jambo mbali na uume usiosimama, na vidonge vilivyotajwa haviitibu. Kwa mwanamume huweza kutokana na uchovu, huzuni, pombe, au upungufu wa homoni ya testosteroni, ambao hupimwa kwa damu asubuhi. Sindano za homoni hiyo zisichomwe bila kipimo, kwani huzuia mbegu za uzazi. Kwa mwanamke hamu hupungua mara nyingi wakati wa kunyonyesha, kwa sababu homoni zake zimeshuka na usingizi wake ameugawa na mtoto; hupungua pia anapofikia ukomo wa hedhi, na kila mahali penye maumivu. Mke anayeumizwa na ukavu hujifunza kukimbia kitanda, na mume huona amechukiwa. Mara nyingi kilainishi kilichotengenezwa kwa maji, kipatikanacho katika maduka ya dawa, humaliza tatizo. Mafuta ya kupikia na vaselini huipasua mipira ya kondomu, kwa hiyo wanaotumia kondomu waviache. Wala mume asimtilie mkewe dawa ya siri katika chai. Huo ni ukosefu wa heshima, na ni hatari.

Mke aliyeona mabadiliko ndiye mara nyingi huweza kulianzisha jambo kwa upole kuliko mtu yeyote, tena si usiku ule ule wa kushindwa. Akimwambia mumewe mchana, "Baba watoto, twende wote tukapimwe sukari na presha," hakuna aliyevunjiwa heshima, na vipimo hivyo viwili ndivyo daktari atakavyoanza navyo. Mume achukue majina ya dawa zote anazotumia, na kama kuna kidonge au unga wa mtaani uliobaki, aufunge katika karatasi auweke mezani pa daktari.