MALI BILA DAFTARI
Jamaa ya askari ihame vipi bila kupoteza vyombo wala vyeti

Barua ya uhamisho haina msimu. Huweza kumfikia askari wakati mkewe amejifungua juzi, au watoto wamo katikati ya muhula, au mvua inanyesha usiku na mchana. Askari mwenyewe aghalabu hutakiwa aripoti kituo kipya tarehe iliyoandikwa, naye huondoka na mfuko wake mmoja. Vyombo, watoto na ufunguo wa kota hubaki mikononi mwa mkewe. Na pale ambapo askari ni mwanamke, hubaki mikononi mwa mumewe au ndugu zake. Kwa hiyo, ingawa amri ya kuhama huandikwa kwa jina la mtu mmoja, kazi ya kuhama humwangukia mwingine.

Mke wa koplo mmoja wa polisi ameyaonja hayo mara mbili. Mara ya kwanza jamaa yake ilihama kutoka Kabale kwenda Kampala. Kila kitu kilitiwa magunia asubuhi moja, lori likaondoka alasiri bila turubali, likafika usiku katika mvua ya mwezi wa Aprili. Magodoro mawili yalilowa na sahani nyingi zilivunjika. Hasara hiyo ilisahaulika baada ya miezi michache. Lililomuuma kwa muda mrefu ni mkebe wa biskuti uliokuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za chanjo na cheti cha ndoa. Hakuna aliyejua kama mkebe ule ulibaki rafuni, ulitupwa pamoja na takataka, au ulianguka njiani. Kuvipata vyeti vingine kulimgharimu safari nyingi, nauli nyingi na machozi.

Mara ya pili amri ilikuwa ya kwenda Arua, mwendo wa karibu kilomita 480 kutoka Kampala. Safari hii mama huyo hakuanza kwa kutafuta magunia. Alianza kwa kununua daftari la shule na kalamu.

DAFTARI KABLA YA KAMBA

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni ile ile barua inapofika, yafaa mume na mke waketi pamoja na kuviandika vyombo vyote vya nyumba katika mafungu matatu: vinavyosafiri, vinavyouzwa au kugawiwa, na vile vya serikali.

Fungu la tatu ndilo husahauliwa kuliko yote. Kitanda cha chuma, meza au kabati lenye namba ya bohari si mali ya anayelitumia. Heri vitu hivyo vikabidhiwe kwa mwenye bohari mchana, kimoja kimoja, pamoja na funguo, na pande zote mbili zitie sahihi. Nakala ya karatasi hiyo ihifadhiwe, kwani madai ya kitu kilichopungua huweza kumfuata askari hadi kituo kipya. Nyumba nayo iachwe imefagiwa na kuoshwa, ili jamaa inayoingia isianze maisha yake kwa kuzoa uchafu wa wengine.

Sare kuukuu, buti, beji na mikanda ya kazi havigawiwi wala haviuzwi pamoja na mitumba. Sheria za Uganda hazimruhusu raia kuwa na mavazi ya majeshi bila idhini, na jirani aliyepewa koti la kijeshi kwa nia njema huweza kujikuta matatani. Zirudishwe bohari. Tena, kabla furushi la kwanza halijafungwa, askari mwenyewe akague mifuko ya makoti, droo na sehemu ya chini ya godoro. Risasi moja iliyosahauliwa mfukoni, ikiokotwa na mtoto, yaweza kuleta msiba ambao hakuna orodha itakayouondoa.

Kuhusu fungu la pili, mama wa nyumba asione haya kuuza. Lori hulipwa kwa kadiri ya mzigo na mwendo. Kabati lililoliwa na mchwa, likichukuliwa hadi Arua, huweza kugharimu zaidi ya bei ya kabati jipya la fundi wa huko.

KARATASI ZISIKAE LORINI

Vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, vitambulisho vya taifa, kadi za chanjo, daftari la kliniki, ripoti za shule, hati za kiwanja na stakabadhi za vyombo vya thamani vitiwe katika mfuko mmoja wa plastiki, kisha katika mkoba ambao mama hauachi mkono. Mkoba huo hausafiri juu ya lori. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu, na picha zitumwe pia katika simu ya mume, ili ikipotea moja ibaki nyingine. Stakabadhi zina kazi njiani vilevile: askari wa kizuizi akiuliza televisheni ni ya nani, karatasi hujibu upesi kuliko maneno.

Kabla mume hajaondoka, apite ofisini kuhakikisha kwamba majina ya mke na watoto yaliyomo katika faili lake yameandikwa sawasawa na yale yaliyo katika vyeti. Neno hili si la kutiana hofu. Askari akiumia au akifariki kazini, herufi moja iliyokosewa huweza kumzungusha mjane kutoka mlango hadi mlango kwa muda mrefu.

Watoto nao wana karatasi zao. Mwaka wa shule nchini Uganda una mihula mitatu, na huanza karibu na mwezi wa Februari. Mzazi achukue kwa mwalimu mkuu barua ya uhamisho na ripoti ya mwisho, alipe deni la ada kama lipo, ndipo aage. Lakini mtoto wa darasa la saba ni jambo jingine. Mtahiniwa huandikishwa na Baraza la Mitihani kupitia shule yake, na mtihani wenyewe hufanyika mwishoni mwa mwaka. Akiisha kuandikishwa, mara nyingi ni heri abaki kwa shangazi, kwa mjomba au bwenini hadi amalize. Mwana wa kwanza wa koplo huyo alibaki Kampala kwa mama yake mdogo. Jamaa ikasafiri na watoto watatu badala ya wanne.

NAMNA YA KUFUNGA

Kazi ya kufunga ianze na vitu visivyotumiwa kila siku, na iishie na vyombo vya kupikia. Kila furushi lipewe namba, na namba hiyo iandikwe daftarini pamoja na vilivyomo. Yule mama aliandika namba 1 hadi 27 kwa wino mzito, pande mbili za kila furushi.

Sahani na bilauri zifungwe moja moja kwa magazeti au nguo, na sahani zisimamishwe kwa ukingo. Zikilazwa, za chini hubeba uzito wote na kupasuka katika shimo la kwanza la barabara. Chungu cha udongo kijazwe majani makavu au nguo, kisha kizungushiwe blanketi. Vitabu na vyuma vitiwe katika masanduku madogo, kwa kuwa sanduku kubwa lililojaa vitabu humshinda mbebaji na kupasuka kitako. Redio, saa na tochi zitolewe betri. Kichwa cha cherehani kitenganishwe na meza yake, kifungwe kwa blanketi na kuwekewa alama ya upande wa juu.

Friji izimwe siku moja kabla, barafu iyeyuke, ndani ikaushwe, na isafiri imesimama. Ikifika, iachwe itulie kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Na kama ililazwa njiani, ni salama zaidi kungoja siku nzima. Jiko la mafuta limwagwe mafuta yote. Majivu ya sigiri yamwagiwe maji, kwani kaa moja lililo hai huweza kuteketeza lori zima. Mtungi wa gesi ufungwe barabara, utolewe mpira wake, usimamishwe mahali penye hewa, wala usitiwe katika chumba cha dereva wanamokaa watu.

Sabuni, mafuta ya taa na dawa za wadudu zisikae pamoja na sukari, unga wala maharagwe. Dawa yenye sumu isitiwe kamwe katika chupa ya soda, maana mtoto mwenye kiu huitambua chupa bila kuuliza kilichomo. Mahindi na karanga vianikwe vizuri kabla ya kutiwa magunia. Vikisafiri na unyevu, huota kuvu, na kuvu hiyo huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

WADUDU WASIPEWE NAULI

Kunguni ni msafiri hodari. Hujificha katika viungo vya kitanda, mishono ya godoro, nyuma ya picha na pembe za masanduku, naye aweza kuishi miezi kadhaa bila kunyonya damu. Kota nyingi zimempokea kutoka kwa jamaa iliyohamia bila kujua. Kwa hiyo vitanda vifunguliwe na maungio yake yamwagiwe maji yanayochemka. Mashuka, mapazia na vyandarua vya kawaida vifuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa juani, kisha vifungwe ndani ya mifuko ya plastiki. Chandarua chenye dawa hakichemshwi. Hufuliwa kwa maji baridi na sabuni laini, na kuanikwa kivulini. Kulianika godoro peke yake hakutoshi, kwani kunguni hukimbilia mikunjo ya ndani. Mishono ipigwe brashi kwa uangalifu. Kupaka mafuta ya taa ni kualika moto.

SIKU YA LORI

Bei, mahali pa kushushia na malipo ya wabebaji vipatanwe mapema na kuandikwa. Namba ya lori na jina la dereva viandikwe daftarini na kutumwa kwa mume. Sehemu ya bei ilipwe wakati wa kupakia, na iliyobaki ilipwe mzigo ukiisha kuhesabiwa.

Vizito vitangulie chini na mbele, vyepesi vifuate juu, magodoro yawe mto baina ya mbao na vioo. Turubali lifunikwe hata kama jua linawaka. Kusini mwa Uganda mvua kubwa huwa za Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Kaskazini msimu ni mmoja mrefu, kuanzia yapata Aprili hadi Oktoba au Novemba. Njia ya Arua hupita Luwero, huvuka Nile huko Karuma, kisha huivuka tena Pakwach kabla ya kufika Nebbi. Jua la Kampala asubuhi si ahadi ya ukavu jioni.

Watoto wasipandishwe juu ya mzigo. Nauli ya basi ni ghali, lakini kamba ikikatika, mtoto hupondwa na kabati alilokalia. Safari ipangwe iishe mchana. Na mfuko wa usiku wa kwanza usifungwe pamoja na mengine: chandarua, mashuka, sufuria moja, chai na sukari, sabuni, taa, kiberiti, dawa za watoto na maji ya kunywa. Mama mwenye mfuko huo hana haja ya kupekua magunia gizani akitafuta chandarua, huku mbu wakiwauma watoto.

KUHESABU MLANGONI

Lori lilifika Arua saa kumi jioni. Wabebaji walishusha mzigo, dereva akanyosha mkono apokee fedha zilizobaki. Mama alifungua daftari mlangoni akaanza kuita namba. Mafurushi yalikuwa 26. Dereva aliapa kwamba lori ni tupu. Mama hakugombana naye. Alisoma tu kwa sauti: namba 19, kichwa cha cherehani, blanketi la kijivu. Utingo alipanda tena, akalikuta furushi limesukumwa nyuma ya gurudumu la akiba, chini ya mkunjo wa turubali.

Kwa mtu mwingine hicho kilikuwa chuma tu. Kwa jamaa ile, cherehani ndiyo iliyoshona sare za shule za watoto wa kambi, na ndiyo iliyolipa ada pale mshahara ulipokwisha kabla ya mwezi. Bila daftari, lori lingeondoka na furushi lile, na pengine lingekumbukwa baada ya wiki mbili.

Siku iliyofuata mama alikwenda kujitambulisha kwa jirani wa kulia na wa kushoto, kwa mkubwa wa kota na kwa mwalimu mkuu, mkoba wa vyeti ukiwa begani. Jamaa inayokaa nje ya kambi yafaa ijitambulishe pia kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliuliza maji huchotwa wapi, zahanati iko upande gani, na takataka hutupwa wapi. Jioni alifunga ukurasa wa mwisho kwa kuandika tarehe, kisha akalitia daftari katika mkoba wa vyeti. Barua nyingine itakuja siku moja, naye hatahitaji kuanza upya. Atafungua ukurasa wa kwanza na kuhesabu.