Maniema: Saa za kwanza baada ya kifo ndizo huamua hali ya maiti

Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mtu akifariki jamaa hujiuliza: azikwe leo, ao wangojewe walio mbali? Familia za Waislamu, ambao ni wengi Kasongo, huharakisha maziko kama dini inavyofundisha. Wengine hungoja, hata barabara zikiharibika kwa mvua. Lakini joto halingoji.

Moyo ukisimama, damu haipeleki tena oksijeni. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Kisha mikrobi za tumboni huanza kuozesha mwili. Baridi hupunguza mwendo huo, ila hairudishi kilichokwisha kuharibika.

Marekani kuna mashirika yanayogandisha wafu katika nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, wakitumaini kwamba siku moja sayansi itawafufua. James Bedford alikuwa wa kwanza, Januari 1967. Wafanyakazi wao hujaribu kuwa karibu na mgonjwa kabla hajakata roho, kwani wakichelewa, damu iliyoganda huziba mishipa na dawa ya kuzuia barafu haifiki ubongoni. Mpaka leo hakuna aliyefufuliwa.

Historia ya Maniema nayo inagusa jambo hili. David Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi, mwaka 1870 hadi mwanzo wa 1871, akiugua vidonda vya miguu. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, hawakukawia. Farjallah, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, alitoa moyo na matumbo, vikazikwa hapo. Wakatia chumvi, wakaanika mwili juani siku 14, kisha wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Aprili 1874 ulizikwa London, baada ya kutambuliwa kwa mfupa wa mkono uliovunjwa zamani na simba.

Chumvi na jua viliokoa umbo tu, na umbo lilitosha kwa maziko. Kwa familia isiyo na chumba cha baridi, la maana ni kupiga simu mapema na kukubaliana saa ya maziko siku ileile. Na kama ugonjwa wa kuambukiza unashukiwa, wasiguse maiti kabla ya kuwaita watu wa afya.