Kumjua Mbu kwa Jina na Makazi Yake

Kati ya mwaka 1955 na 1959, nyumba za Upare na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, zilipuliziwa kiuadudu cha dieldrin ili kuangamiza mbu wa malaria. Ugonjwa ulipungua sana. Hata hivyo, watafiti wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara, waliendelea kukuta majumbani mbu waliofanana na Anopheles funestus, mmoja wa waenezaji wakuu wa malaria Afrika. Mtu angedhani dawa imeshindwa.

Haikuwa hivyo. Mtaalamu wa wadudu Michael Gillies na mwenzake Alec Smith walibaini kwamba funestus alikuwa karibu ametoweka, na nafasi yake imechukuliwa na ndugu yake, Anopheles rivulorum, anayependelea damu ya ng'ombe na ambaye mchango wake katika malaria ni mdogo. Mbu wazima wa spishi hizi ni vigumu kuwatenganisha. Tofauti huonekana zaidi kwenye viluwiluwi. Bila uchunguzi huo, kazi iliyofanikiwa ingehesabiwa kuwa imefeli.

Duniani kuna zaidi ya spishi 3,500 za mbu, na nyingi hazimdhuru binadamu. Tanzania, makundi matatu ndiyo yanayosumbua zaidi: Anopheles wa malaria, Culex anayeeneza matende na mabusha, na Aedes wa dengue na chikungunya. Kila kundi lina maji yake. Culex hustawi kwenye maji machafu ya vyoo vya shimo na mitaro. Aedes hutaga kwenye matairi, ndoo na vifuu vyenye maji ya mvua.

Watu wa Makunduchi, Unguja, walinufaika na ujuzi huo mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa kuwa Culex alikuwa akizaliana vyooni, mashimo yalimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea na kufunika maji, huku wakazi wakipewa dawa ya matende. Mbu walipungua, na maambukizi yakashuka.

Kazi ya kutambua mbu huanza usiku. Mtego wa taa huning'inizwa karibu na kitanda chenye chandarua, na feni yake ndogo huwavuta mbu ndani ya mfuko. Asubuhi mbu hao hutandazwa chini ya hadubini. Anopheles jike ana vipapasio viwili kando ya mrija wa kunyonyea damu, virefu karibu sawa na mrija wenyewe. Vya Culex na Aedes jike ni vifupi. Kisha mtaalamu hutazama mabaka ya mabawa na miguu: miongoni mwa Anopheles, gambiae ana miguu yenye madoa, funestus ni mdogo na miguu yake ni myeusi.

Lakini jina gambiae nalo limebeba ndugu kadhaa wasiotofautishika kwa hadubini. Anopheles gambiae halisi hupenda kuuma watu ndani ya nyumba. Anopheles arabiensis huuma watu na ng'ombe, ndani na nje. Anopheles merus, wa ukanda wa pwani, huzaliana hata kwenye maji ya chumvi. Ili kuwatenganisha, hukatwa mguu mmoja wa mbu na vinasaba vyake kupimwa maabara, kwa mbinu iliyoenea tangu mwaka 1993.

Jina likishapatikana, huandikwa pamoja na mahali, tarehe na aina ya mtego. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinazojenga ramani. Mwaka 2017, watafiti wa Nairobi na wenzao walichapisha orodha ya zaidi ya maeneo 13,000 ya Afrika kusini mwa Sahara yaliyochunguzwa mbu wa Anopheles tangu mwaka 1898.

Thamani ya ramani imeonekana Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Vyandarua vyenye dawa vilipoenea, gambiae halisi alipungua mno, arabiensis akatawala kwa wingi. Baadaye watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara waligundua kwamba funestus, ingawa ni mchache, ndiye anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi katika vijiji walivyochunguza. Mbu huyo huzaliana kwenye maji ya kudumu: madimbwi ya chemchemi na mito inayotiririka polepole. Wakati wa kiangazi maji hayo huwa machache, yanaweza kuwekwa kwenye ramani na kutiwa viuadudu.

Lakini ramani hailali. Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia ya Kusini na Rasi ya Uarabuni, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2023 Kenya ikatangaza kumpata kaskazini mwa nchi. Huzaliana kwenye matangi na mapipa ya maji mijini, mahali ambapo wengi wamezoea kudhani hapana malaria.

Kwa hiyo halmashauri zitenge fedha za kukusanya na kutambua mbu kila mwaka, hata pale wagonjwa wanapopungua. Nawe msomaji, funika tangi na mapipa, toa matairi na makopo uani, na wataalamu wakibisha hodi na mitego yao, wakaribishe.