Kanga wa Tandahimba: hesabu inaanzia kwa vifaranga

Kundi la kanga 20 linalodonoa kila asubuhi pembezoni mwa mikorosho linaweza kuwa kundi linalokwisha. Macho hayawezi kulitambua hilo, kwa kuwa wakubwa bado wapo na sauti zao bado zinasikika. Hesabu ya vifaranga inaweza.

Tulipigie hesabu kundi hilo, kwa viwango vya kukadiria. Kati ya hao 20, majike ni 10. Jike hutaga mayai 6 hadi 12, mara nyingine zaidi, katika kishimo kidogo kilichofichwa ndani ya majani. Tuchukue 12: mayai 120. Tuseme nusu ya viota vinaharibiwa na nyoka, kenge, nguchiro, jembe la palizi au mkono wa mtu. Yanabaki mayai 60, ya kuatamiwa siku 26 hadi 28. Vifaranga wanaotoka wanakutana na majani yaliyolowa mvua, baridi ya alfajiri na mwewe, na wengi hawamalizi mwezi. Huku nyuma, tuseme wakubwa 8 kati ya 20 wanakufa ndani ya mwaka. Ili kundi lirudi 20, vijana 8 lazima waufikie msimu unaofuata. Kama nusu ya vifaranga waliovuka mwezi wa kwanza hufa njiani, basi wanatakiwa 16 waliovuka. Ni kifaranga 1.6 kwa kila jike. Kundi likishuka chini ya hapo linapungua, hata kama leo lina ndege 20 wenye afya.

Hesabu ya namna hii ndiyo wanayoitumia Wamarekani kwa bata mzinga mwitu, na historia ya ndege huyo inatuhusu. Mwanzoni mwa karne ya 20 uwindaji na ukataji wa misitu ulikuwa umemfuta katika majimbo mengi. Mwaka 1937 ilipitishwa sheria iliyoelekeza kodi ya bunduki na risasi, ambayo sasa ni asilimia 11 kwa bunduki ndefu, katika kazi ya kurudisha wanyamapori. Bata mzinga walinaswa kwa nyavu kubwa zinazorushwa kwa baruti, wakahamishiwa majimbo walikokuwa wamekwisha. Kufikia 1973 walikuwa takriban milioni 1.5, na miaka ya mwanzo ya 2000 walikaribia milioni 7. Kisha katika majimbo ya kusini-mashariki wakaanza kupungua tena. Dalili ilionekana kwenye vifaranga: wastani ulikuwa ukishuka kuelekea 2 kwa jike na chini yake, wakati wawindaji wengi bado waliona bata mzinga wa kutosha porini.

Sasa turudi Tandahimba, kwenye uwanda wa Makonde, ambako ndege wa jamii ya kanga ni wawili. Kanga wa kawaida hupenda nyasi fupi, mashamba yaliyovunwa na mahali penye maji ya kunywa wakati wa kiangazi, kwa hiyo mabonde yanayoshuka kuelekea mto Ruvuma yanamfaa kuliko juu. Juu uwandani mvua huzama mchangani upesi. Ndiyo sababu tangu miaka ya 1950 maji ya Newala na Tandahimba yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema. Wa pili ni kororo, mwenye kishungi cha manyoya meusi kichwani. Yeye anataka kichaka kizito, na zamani uwanda ulijaa vichaka vya aina hiyo. Wakulima walilima kipande cha ardhi kwa miaka michache, wakakiacha kipumzike, kichaka kikarudi.

Mkorosho umebadili utaratibu huo, kwa kuwa shamba la mikorosho halipumzishwi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Baadaye watu walihamishiwa vijijini, mashamba ya mbali yakaachwa, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ninaamini miaka hiyo ya shida ya mkulima ilikuwa nafuu kwa kororo, maana palipoachwa huota kichaka. Kisha salfa ya kuzuia ugonjwa huo ilifika, bei ikapanda, na msimu wa 2024/25 nchi ilivuna zaidi ya tani 500,000. Na wanaohitaji ardhi hiyo wamezidi: katika miaka kumi tu, kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, watu wa mkoa wa Mtwara waliongezeka kutoka 1,270,854 hadi 1,634,947, ongezeko la karibu asilimia 29.

Tuangalie pia kalenda ya shamba. Mkulima hodari husafisha chini ya mikorosho kabla ya mavuno ili korosho zinazodondoka zionekane. Ardhi inakuwa nyeupe kuanzia Septemba na Oktoba. Mvua zinapoanza, wakati kanga anatafuta majani ya kuficha kiota, anayakuta kwenye mipaka ya mashamba na kandokando ya njia, na huko ndiko watu, mbwa na mitego ya tanzi viliko. Yote haya kwa ndege ambaye akishanyonyolewa hatoi zaidi ya kilo moja ya nyama, na ambaye akiachwa hai hula mchwa, panzi na viwavi msimu mzima.

Sensa za wanyama zinazofanywa kutoka angani ndizo zilizoonyesha tembo wa pori la akiba la Selous wakishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 1976 hadi takriban 15,000 mwaka 2014, na takwimu hizo ndizo zilizoitikisa nchi. Kanga haonekani kutoka angani. Anahesabiwa kwa miguu, asubuhi, mvua zinapokatika miezi ya Aprili na Mei, makundi yanapotokea njiani na watoto. Dume na jike wanafanana, basi wahesabiwe wakubwa wote na idadi igawanywe kwa mbili. Watoto wanajulikana kwa rangi ya hudhurungi na kichwa kisicho na pembe.

Gharama yake tuikadirie: vijiji 20, wahesabuji 2 kila kijiji, asubuhi 4, posho tuseme shilingi 5,000 kwa asubuhi, jumla 800,000. Katika mnada wa Oktoba 2024 wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, kilo ya korosho iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 4,000. Ushuru wa mazao wa asilimia 3 kwa bei hiyo ni shilingi 120 kwa kilo. Kwa hiyo ushuru wa tani 7 tu unalipia hesabu ya vijiji hivyo vyote, bila kumwongezea mkulima makato hata senti moja, naye ana makato ya kutosha.

Halmashauri za Tandahimba, Newala na Masasi zinaweza kuanza Aprili ijayo. Na wewe mwenye shamba, unaposafisha chini ya mikorosho, acha hatua tano za kichaka mpakani, na ukikuta kiota uyaache mayai.