Maliwato ya Chombo Yapangwe Kabla ya Vitanda

Kuna mambo ambayo muungwana hayataji mbele ya watu, na choo ni mojawapo. Haya hiyo ni njema barazani na mezani. Lakini imewaponza wajenzi na wenye vyombo vya baharini, kwa kuwa jambo lisilotajwa halipangwi. Chombo cha matembezi huchorwa kuanzia vitanda, kisha jiko, kisha mahali pa kukaa na kupunga upepo. Mwisho wa yote, pakibaki pembe ambayo haikufaa kwa lolote, ndipo fundi huambiwa atie choo na bafu. Hoja yangu leo, msomaji mpendwa, ni kwamba utaratibu huo umegeuzwa kichwa chini. Katika chombo ambacho watu watalala na kuamka, maliwato ndiyo yanayostahili kupangwa kwanza.

Vyombo vya biashara vya wazee wetu havikuwa na tatizo hili. Kisanduku cha mbao kilining'inizwa nje ya tezi, bahari ikiwa chini yake, na mambo yakaisha. Tusiwacheke waliofanya hivyo. Chombo kilikuwa safarini, kikisukumwa na kaskazi au kusi, na mabaharia walikuwa wachache. Uchafu wao ulimezwa na bahari kuu. Leo, majahazi yaliyokuwa yakibeba boriti na makuti hutengenezwa upya ili yachukue watalii na familia za hapa nchini kwa siku mbili tatu. Chombo hutia nanga katika hori ya Mtwapa au ya Kilifi, au mbele ya mikoko ya Lamu, na hapo hukaa. Ndani yake mna wanawake, watoto na wazee. Kisanduku cha tezi hakitoshi tena, na choo cha hoteli, kama nitakavyoeleza, hakifai pia.

Mpwa wangu mmoja ana jahazi la mita 14 analolitengeneza kwa kazi hiyo. Alinionyesha mchoro wake kwa fahari. Alikuwa ameweka vyumba viwili vya maliwato, kimoja omo na kingine tezini, na kila kimoja kilikuwa na bafu la manyunyu lililozungushiwa vioo. "Mjomba," aliniambia, "mgeni akishalipa pesa zake hataki kubanwa." Nilimjibu kwamba sina ugomvi na starehe ya mgeni, ila nilimtaka anijibu maswali matatu. Maji yatatoka wapi? Yakishatumika yatakwenda wapi? Na ili yaingie na kutoka, atatoboa matundu mangapi katika mbavu za chombo chake? Nadhani kila anayechagua mpango wa maliwato ya chombo angefaa kuanza na maswali hayo, kabla hajatazama picha za vigae na vioo.

Tuanze na maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na chombo hubeba kila tone litakalotumika. Tuseme wageni ni 8, kila mmoja huoga mara mbili kwa siku kama ilivyo desturi katika joto la pwani, na bomba la manyunyu hutoa lita 8 kwa dakika. Akioga kwa dakika 3, kila mmoja ametumia lita 24. Kwa siku moja hizo ni lita 384, na kwa siku tatu ni lita 1,152. Hiyo ni zaidi ya tani moja ya maji ya kuogea pekee, kabla hujanywa wala kupika. Sasa tuseme watu hao hao wanaoga kwa ndoo na kata, kila mmoja lita 7. Siku tatu zitakwisha kwa lita 336. Tofauti ni zaidi ya kilo 800, ambazo ni uzito wa watu kumi na kitu wasiolipa nauli.

Hapa ndipo ninaposhangaa kwamba tunatafuta mfano mbali ilhali tunao nyumbani. Katika nyumba za kale za mawe za Lamu, mtu alioga kwa maji ya birika lililojengwa ndani ya bafu. Ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Mtu aliteka kwa kata, akajimwagia, na maji yakatiririka sakafuni hadi kwenye njia yake. Chumba kilikuwa kidogo, na kilitosha. Waliojenga nyumba zile waliishi katika kisiwa ambako maji matamu hayakuwa ya kuchezea, kwa hiyo walijua thamani yake. Na chombo ni nini ikiwa si kisiwa kidogo zaidi?

Mpango ninaoupendekeza kwa chombo cha ukubwa wa kati, basi, ni chumba kimoja cha maji, ambamo choo na mahali pa kuogea viko pamoja na sakafu yote inaruhusiwa kulowa. Chumba cha mita moja kwa mita moja kinatosha, mradi mtu mrefu aweze kusimama wima ndani yake. Wanaopendelea bafu lililotengwa na choo wana hoja nzito: mtu anayeingia chooni usiku hakanyagi maji ya aliyeoga, na karatasi na nguo hazilowi. Lakini bafu la kusimama peke yake linataka kama sentimita 75 au 80 zaidi kila upande, na nafasi hiyo itatoka kwenye kitanda cha mtu au ghala ya chakula. Katika chombo cha mita 18 au 20 nisingebisha. Katika chombo cha mita 12 au 14, naona ni anasa inayolipwa kwa usingizi wa wengine.

Mwenye jahazi la mbao ana jambo jingine la kuzingatia. Baharia yeyote mkongwe atakwambia kwamba maji ya chumvi huihifadhi mbao, bali maji ya mvua huiozesha. Maji ya kuogea ni ndugu ya maji ya mvua. Yakipenya nyuma ya ubao, hukaa gizani yakifanya kazi yao kimyakimya mpaka siku mtaruma utakapobonyea kwa kidole. Kwa hiyo sakafu ya bafu na sehemu ya chini ya kuta zake iwe beseni moja la faibaglasi lisilo na maungio, si vigae vilivyobandikwa juu ya mbao. Chombo hujinyonganyonga mawimbini, na vigae havijui kujinyonga. Pawe pia na tundu la hewa juu ya paa na mlango wenye nafasi za kupitisha upepo, la sivyo ukungu utakuwa abiria wa kudumu.

Maji ya sabuni nayo yasiachwe yateremke ngamani. Nywele na povu vikifika huko huziba bomba la kukumbia maji, na bomba hilo ndilo tegemeo la roho za watu siku chombo kinapovuja. Bafu liwe na kisanduku chake cha kukusanyia maji, chenye chujio linalofunguka kwa urahisi na bomba lake lenyewe la kuyatoa nje.

Swali la mahali lina jibu ambalo mtu wa nchi kavu halitarajii. Omo ndipo panapoonekana pa siri zaidi, kwa hiyo wengi hutia choo huko. Lakini omo ndiko kunakopanda na kutumbukia kuliko kwingine kote. Mgeni aliyekwisha kuchafukwa na moyo, ukimpeleka omo chombo kikiwa safarini, umemmaliza. Mahali pazuri ni karibu na ngazi ya kuteremkia, katikati ya chombo au nyuma kidogo, ambapo mtikisiko ni mdogo na aliyelowa mvua anaweza kuingia bila kupita juu ya magodoro ya wenziwe. Kiti kielekee omo au tezi, si ubavuni, ili chombo kinapolala upande aliyeketi ajiegemeze ukutani badala ya kurushwa mlangoni. Vishikizo imara viwe pande zote mbili. Hapo ndipo utakapoona faida ya chumba chembamba: katika bahari yenye mawimbi, ukuta ulio karibu ni rafiki, na chumba kipana ni mahali pa kuvunjikia mbavu.

Nije sasa kwenye matundu, jambo ambalo si la starehe bali la uhai. Choo cha kawaida cha chombo huvuta maji ya bahari kwa tundu moja na kutoa uchafu kwa jingine. Vyoo viwili ni matundu manne, yote chini ya usawa wa maji. Kiti chenyewe kikiwa chini ya usawa huo, maji yanaweza kujivuta yenyewe kupitia mpira, yakajaza bakuli, yakafurika, na chombo kikazama nangani bila dhoruba yoyote. Dawa yake inajulikana. Mpira hupandishwa juu kama upinde, kupita usawa wa bahari hata chombo kinapolala upande, na pale kileleni hutiwa vali ndogo ya kuingiza hewa. Kila tundu liwe na vali ya kufunga inayofikiwa kwa mkono bila kung'oa mbao, na ifungwe kila watu wanapokiacha chombo. Ukitoboa matundu machache, una machache ya kukunyima usingizi.

Swali la mwisho ndilo linalotuhusu sote, hata tusiopanda vyombo. Uchafu huenda wapi? Kiambatisho cha 4 cha mkataba wa kimataifa wa MARPOL, kilichoanza kutumika mwaka 2003, huzitaka meli zilizo katika safari za kimataifa, za tani 400 na zaidi au zinazochukua zaidi ya watu 15, zisimwage kinyesi kisichotibiwa ila zikiwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, tena zikiwa mwendoni. Chombo cha wageni 8 ni kidogo kuliko kipimo hicho. Je, udogo huo ni ruhusa ya kumwaga mbele ya mlango wa jirani? Wakati wa bamvua maji ya hori hutoka na kuingia kwa nguvu, lakini wakati wa maji mafu hubadilika kidogo tu, na kilichomwagwa asubuhi huweza kuwapo jioni. Katika maji hayo hayo kina mama huokota chaza na kaa, na watoto hujifunza kuogelea. Huwezi kumuuzia mtalii uzuri wa hori huku ukiwalisha uchafu wake wanaoishi kando yake.

Kwa sababu hiyo tangi la kuhifadhia uchafu ni sehemu ya mpango tangu mstari wa kwanza wa mchoro. Hesabu yake ni nyepesi. Wageni 8 na mabaharia 3 ni watu 11. Kila mmoja akienda mara 5 kwa siku, na kila mara bomba la mkono likitumia lita 2, ni lita 110 kwa siku. Kwa siku mbili nangani unahitaji tangi la lita 220, nalo likijaa lina uzito wa kilo 220, kwa hiyo likae chini na karibu na katikati. Mwenye vyoo viwili vilivyo mbali huhitaji matangi mawili au mipira mirefu inayonuka. Mwenye chumba kimoja ana tangi moja na mpira mfupi.

Wapo wanaosifu vyoo vikavu visivyotumia maji wala tundu, ambavyo hutenganisha haja ndogo na kubwa. Navisifu pia, ila si kwa kila mtu. Vyoo hivyo hutaka kukaa vikavu, na watu wengi wa pwani hatuhesabu kwamba tumejisafisha bila maji. Ukivichagua, weka pembeni mahali pa kutawadhia penye njia yake ya maji. Kwa upande mwingine, choo cha bomba husumbuliwa sana na karatasi, ambayo huziba mpira wake mwembamba. Kopo la maji letu, ambalo baadhi ya wenye vyombo hulionea aibu mbele ya wageni, ndilo linalokifaa choo hicho.

Nimewaacha mabaharia mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo wanavyoachwa daima. Nimeona michoro ambayo mgeni ana bafu la vioo na baharia ameachiwa ukingo wa tezi, gizani, akijishikilia kwa mkono mmoja. Mtu anayeanguka baharini usiku wenzake wakiwa wamelala ana matumaini madogo. Na siku hizi katika vyombo hivi kuna wapishi na wahudumu wanawake. Wao waende wapi? Choo kimoja kilichowekwa vizuri, karibu na ngazi, kinachotumiwa na wote na kusafishwa kila asubuhi, kina heshima zaidi ya viwili ambavyo nusu ya waliomo hawaruhusiwi kuvigusa. Bomba dogo la kujisuuzia tezini, kwa wanaotoka kuogelea, litapunguza msongamano bila kutoboa chochote chini ya maji.

Kwa hiyo ninawaomba mafundi wetu, ambao ustadi wao wa kuunda mbao haujapungua, wasikubali kuanza kazi mpaka mwenye chombo aseme maji ni lita ngapi, tangi litakaa wapi na matundu ni mangapi. Na wewe unayekodi chombo kwa ajili ya familia yako, usione haya kuuliza uchafu unakwenda wapi kabla ya kulipa. Nahodha atakayekujibu bila kusitasita, akakuonyesha vali kwa kidole chake, huyo mpe watoto wako.