Nyota Kubwa Zinavyojilisha

Butembo imeukaribia mno mstari wa Ikweta, hata mtu asimamaye Rughenda, upande wa uwanja wa ndege, usiku wa Januari usio na mawingu, akiinua uso mnamo saa nne, huliona kundi la nyota la Jabari na nyota tatu za mkanda wake zikiwa utosini. Kusini kidogo mwa mkanda huo pana waa hafifu la nuru: ni wingu la gesi na vumbi, umbali wa miaka-nuru 1,350 hivi, ambamo nyota zingali zikizaliwa, na mojawapo imelizidi Jua letu kwa uzito zaidi ya mara 30.

Nyota ya namna hiyo iliwatia wanafalaki wa karne ya 20 katika mushkili mkubwa. Nyota kubwa, yaani ile ipitayo uzito wa Jua mara 8, huanza kuwaka kabla haijamaliza kukusanya maada yake. Na kwa kuwa nuru ina nguvu ya kusukuma, huyapiga mavumbi yanayoijia ikayarudisha nyuma pamoja na gesi. Waliokadiria kwamba gesi huanguka sawasawa kutoka pande zote waliona riziki ya nyota ikikatika mapema.

Lakini wingu huzunguka, nalo kila linapojikunja huongeza kasi, hata maada yake isiweze kuanguka moja kwa moja, bali ijitandaze mfano wa ungo kuizunguka nyota. Hapo ndipo penye siri yote, nami sijui hila ya maumbile iliyo nzuri kuliko hii: nuru hutokea juu na chini, penye upenyo, huku chakula kikiingia kwa ubavuni. Mwaka 2009 mwanafalaki Mark Krumholz na wenzake walichapisha hesabu za kompyuta ambamo nyota moja ilikua kwa njia hii hata ikapindukia uzito wa Jua mara 40.

Tena mlo huo hauji kwa utaratibu. Mwaka 2015 antena ya Hartebeesthoek, Afrika Kusini, yenye kipenyo cha mita 26, ilinasa kutoka wingu moja la kundi la Nge mawimbi ya redio ya maji na methanoli yaliyopanda ghafula, kwa sababu nyota changa iliyofichika humo ilikuwa imemeza fungu kubwa la maada, na vumbi lililoizunguka likapata moto. Mwaka uo huo nyota nyingine, yenye uzito wa Jua mara 20 hivi, ilikutwa katika hali iyo hiyo. Kwa ushahidi huo, dai kwamba nuru ya nyota hukomesha ukuaji wake mapema limedhoofika sana.