Kanda za Usiku wa Manane: Hazina ya Hip-hop ya Miaka ya 1990

Mapenzi ya wasikilizaji kwa hip-hop ya miaka ya 1990 hayatokani na albamu za madukani pekee, bali pia na rekodi adimu za maonyesho ya mubashara ambayo hayakukusudiwa kudumu. Mfano ulio wazi ni kipindi cha redio cha DJ Stretch Armstrong na mtangazaji mwenzake Bobbito Garcia, kilichorushwa na WKCR, redio ya Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, kuanzia mwaka 1990 hadi 1998, kati ya saa 7 usiku na saa 11 alfajiri, ambapo wasanii wachanga walipewa nafasi ya mitindo huru, yaani kughani mistari ya papo kwa papo, au ambayo bado haijarekodiwa, juu ya mdundo wa DJ.

Mwaka 1995 wanahip-hop Big L na Jay-Z walipokezana maikrofoni katika kipindi hicho, na kwa kuwa Big L aliuawa mwaka 1999 akiwa na miaka 24, rekodi hiyo haina mbadala. Vipindi vingi vya aina hiyo vilinusurika kwa sababu wasikilizaji walivirekodi kwenye redio kaseti zao, kisha wakagawiana nakala, ingawa kila nakala iliongeza mvumo na kufifisha sauti.

Utepe wa kaseti hutunza sauti kwa chembe za sumaku, nao huharibiwa na joto na unyevu. Hivyo kila mwenye kanda hizo azihamishie kwenye kompyuta mapema, na aandike tarehe na majina ya walioshiriki.